LUKU Inaisha Haraka, Kompyuta Inasema Mambo Shwari

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kompyuta nyumbani inayosoma joto la chumba na umeme unaotumika, na inayowasha au kuzima kiyoyozi, feni na friza. Iwe ni Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani), iwe ni laptop kuukuu iliyopewa kazi hiyo, matatizo ni yale yale. Tunaanza na vipimo, kwa sababu lawama nyingi za "mfumo haupunguzi gharama" chanzo chake ni kompyuta kusoma vibaya. Ukibadili ratiba ya kiyoyozi kabla ya kusahihisha vipimo, unakimbiza upepo.

Kabla ya yote: linganisha na mita

Mita ya LUKU ndiyo hakimu, maana ndiyo inayokula fedha zako. Mita nyingi zina taa ndogo inayopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, ubaki na kifaa kimoja unachokijua, kwa mfano birika la umeme la wati 2,000. Pima sekunde za mpepeso mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati. Sekunde 3.6 ni wati 1,000, sekunde 36 ni wati 100. Kwa mzigo mkubwa hesabu mipepeso 10 kwa mkupuo, vinginevyo kidole kitachelewa na hesabu itaharibika. Mita yako ikiandika namba nyingine, mfano 1600, badala ya 3,600 tumia 2,250.

Kama mita iko juu ya nguzo na ndani una kibao cha kuingizia tokeni tu, andika uniti zilizobaki saa 1 asubuhi, uandike tena kesho yake saa hiyo hiyo, ulinganishe na kompyuta. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 5, achana nayo. Sili ya TANESCO usiiguse, hata kama kihisi chako kingekaa vizuri zaidi ndani ya boksi.

Kompyuta inasoma chini kuliko mita

Chanzo cha kwanza ni vifaa visivyopitia kwenye plagi janja. Hita ya bafuni ya papo kwa papo ndiyo mkosaji mkubwa. Ya wati 5,000 ikiwaka dakika 10 inakula uniti 0.83. Watu watano wakioga kwa siku, umeshafika uniti 4 na ushee, na kompyuta haijui lolote kwa sababu hita ina waya wake kutoka kwenye mein swichi. Pampu ya kisima na taa za nje nazo ziko kundi hilo. Dawa ni kupima kwenye waya mkuu, si kuongeza plagi. PZEM-004T, kifaa kidogo cha kupimia umeme, yenye klampu (pete inayobana waya) ya ampea 100 inatosha nyumba ya fezi moja, na inapima volti, ampea, wati na uniti kwa pamoja. Kufunga klampu na kuunganisha waya wa volti ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na mein swichi ikiwa imezimwa.

PZEM ikikaa kimya kabisa, usikimbilie kuitupa. Upande wake wa kupimia unakula umeme wa ukutani, hivyo ukiijaribu mezani kwa volti 5 peke yake haitajibu hata siku moja. Klampu ikisoma sifuri wakati vifaa vinawaka, imebana nyaya mbili kwa pamoja, laini na nyutro, na mikondo yao inafutana. Ibane laini peke yake. Na ukiona wati hasi kwenye vifaa vingine vya kupimia, klampu imevaliwa kinyume: igeuze.

Watumiaji wa klampu za SCT-013 wana mtego wao. SCT-013-000 hutoa mkondo, hadi miliampea 50, na inahitaji rezista ya mzigo uiweke wewe. SCT-013-030 tayari inayo ndani na hutoa volti 1 kwa ampea 30. Ukiiongezea rezista nyingine, usomaji unaporomoka, na utakaa wiki nzima ukifurahia akiba hewa.

Chanzo kingine ni mzigo wa kimya. Fungua grafu ya saa 8 hadi saa 10 usiku, watu wamelala, friji imezima. Ukiona wati 60 zisizoshuka, hizo ni king'amuzi, televisheni iliyozimwa kwa rimoti, ruta, chaja na pengine kompyuta yenyewe. Wati 60 kwa mwezi ni uniti 43.

Kompyuta inasoma juu kuliko mita

Ukipima ampea peke yake na kuzidisha kwa 230, unapata namba kubwa kuliko ukweli kwenye kila kitu chenye mota: friji, pampu, kiyoyozi cha kawaida, hata feni. Mita hulipisha wati halisi. Pata kifaa kinachopima volti na ampea kwa pamoja. Hapo hapo utagundua pia kwamba volti zako si 230. Kwenye mitaa iliyo mbali na transfoma, jioni zinaweza kushuka sana.

Chanzo cha pili kiko ndani ya programu na watu wachache hukiona. Home Assistant ikigeuza wati kuwa uniti kwa hesabu ya mjumlisho, njia yake ya kawaida huchukua wastani wa usomaji wa mwisho na mpya. Tuseme friji ilizima saa 4:00 ikasoma 0, na plagi haikutuma chochote mpaka ilipowaka saa 4:30 ikasoma 120. Programu itaandika wati 60 kwa nusu saa ambayo friji ilikuwa imelala. Badili njia iwe ile ya kushoto, inayoshikilia usomaji uliopita mpaka ubadilike. Bora zaidi, tumia moja kwa moja kihesabu uniti kilichomo ndani ya plagi au PZEM. Kihesabu hicho kikirudi sifuri baada ya umeme kukatika na grafu ikaonyesha mlima wa ajabu, hakikisha aina yake imeandikwa `total_increasing`. Ikiwa hivyo, programu inaelewa kwamba sifuri ni mwanzo mpya.

Uniti zinalingana, fedha hazilingani

Bei ya T1, kundi la wateja wa kawaida, iliyoanza Aprili 2016 ni shilingi 292 kwa uniti, lakini hiyo si unayolipa. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, jumla shilingi 356.24. Ndiyo maana 10,000 inaleta uniti 28 na si 34. Weka 356.24 kwenye programu, na ukague na risiti yako ya karibuni. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa pia kodi ya jengo, na kama kuna mwezi uliopita bila kununua, makato yanajilimbikiza. Kwa hiyo usitumie risiti hiyo kukokotoa bei.

Mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, analipa shilingi 100 kabla ya makato kwa uniti 75 za mwezi, na 350 kwa zinazozidi. Kwake yeye bei moja kwenye programu ni uongo. Tengeneza kihesabu cha mwezi kinachobadili bei kikifika 75. Hapa pia ndipo kompyuta inapoweza kuwa hasara tupu. Kompyuta ya mezani ya wati 70 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 50 kwa mwezi: kwa T1 karibu shilingi 18,000, na kwa D1 inamaliza theluthi mbili ya uniti za bei nafuu kabla hujawasha taa. Laptop ya wati 15 ni uniti 11, na Raspberry Pi ya wati 5 ni uniti 3.6, yaani kama shilingi 1,300. Kama nyumba haina kiyoyozi wala friza, maoni yetu ni kwamba huhitaji mfumo huu. Nunua daftari.

Joto linalosomwa si joto la chumba

Kihisi cha joto cha DHT11 kinaruhusiwa kukosea nyuzi 2, na kwa kazi hii hakifai. DHT22 hukosea kama nusu nyuzi, ila ikiwekwa ndani ya kasha moja na bodi ya ESP (bodi ndogo yenye Wi-Fi inayosoma vihisi) itasoma joto la bodi, nyuzi 2 au 3 juu. Itoe nje kwa waya wa sentimita 20, iwekwe kimo cha mtu aliyekaa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi na mbali na mdomo wa kiyoyozi.

DS18B20, kihisi kingine cha joto, ina dalili zake mbili maarufu. Ikisoma 85 kamili, imepewa umeme lakini haijapima. Mara nyingi volti hazitoshi au umeisoma kabla haijamaliza. Ikisoma -127, haionekani kabisa: waya umekatika au rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na wa chanya haipo. Ziambie sheria zako zipuuze namba hizo mbili, la sivyo kiyoyozi kitawaka saa 9 usiku kupambana na joto la nyuzi 85.

Kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa, chumba hakipoi

Hapa kompyuta inalipa gharama yake, kwa sababu inatenganisha ugonjwa wa mashine na ugonjwa wa nyumba. Chukua DS18B20 mbili. Moja iwekwe pale kiyoyozi kinaponyonya hewa, nyingine pale kinapoitoa. Kiwashe dakika 15, soma tofauti.

Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, kiyoyozi ni kizima. Lawama ni ya nyumba. Nyumba nyingi za hapa Mwanza zina bati lisilo na silingi bodi, au silingi ipo lakini hewa ya darini haina pa kutokea. Funga kihisi cha tatu chini ya bati: saa 8 mchana hewa iliyonaswa pale huwa moto kupita kiasi, na joto hilo linashuka chumbani haraka kuliko AC ya BTU 12,000 inavyoweza kulitoa. Kwenye milima ya Igogo, Mabatini na Bugando kuna na mawe. Nyumba iliyoegemea jabali hupokea joto lake hadi usiku, na grafu inaonyesha ukuta ule ukiendelea kupanda wakati nje kumeshapoa. Fedha ya kiyoyozi kikubwa zaidi iende kwanza kwenye silingi, matundu ya hewa pande zote mbili za dari, rangi nyeupe juu ya bati, na kuziba nafasi chini ya mlango.

Tofauti ikiwa nyuzi 4 au 5, tatizo ni mashine. Anza na filta ya ndani, ioshe kwa maji. Kisha nenda nje. Karibu na Ziwa Victoria, vijidudu vinavyoinuka majini kama moshi hufuata taa usiku na kunaswa kwenye mapezi ya kitengo cha nje. Vikichanganyika na vumbi hutengeneza blanketi. Zima umeme, osha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu kubwa, ukielekeza kutoka ndani kwenda nje, usije ukakunja mapezi. Na hamisha ile taa ya ukutani iliyo juu ya kitengo: kuiosha AC kila mwezi huku taa inaita wadudu ni kazi ya bure. Ukisha kusafisha na tofauti bado ndogo, mwite fundi apime gesi. Asijaze tu. Gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua kuna tundu.

Tofauti ikiwa sifuri, tazama wati. AC isiyo ya inverta (yaani kompresa yake haibadili kasi) ya BTU 12,000 ikipoza inakula kama 1,000 hadi 1,200. Ukiona 40 au 50 tu, feni ya ndani ndiyo inayozunguka na kompresa imelala. Ukiona mkondo unaruka juu sekunde chache, unashuka, halafu unarudia kila baada ya dakika kadhaa, kompresa inajaribu kuwaka na kushindwa. Angalia grafu ya volti ya dakika hizo hizo. Zikianguka chini ya 200, mashine haina kosa, tafuta stebilaiza inayobeba mkupuo wa kuwaka, na uripoti TANESCO. Volti zikiwa sawa, kapasita imechoka. Fundi aipime kwa mita: ikishuka zaidi ya asilimia 10 chini ya namba iliyoandikwa mwilini mwake, ibadilishwe. Asiiguse kabla ya kuimwaga chaji.

Kiyoyozi kinawaka na kuzima kila dakika

Umeandika sheria moja: ikizidi 26 washa, ikipungua 26 zima. Weka pengo. Washa ikifika 27, zima ikifika 25, na kompresa ikizima isiwashwe kabla ya dakika 5. Muda wa chini wa kuwaka uwe dakika 10. Bila hayo unaua kompresa.

AC ya inverta usiiongoze hivyo kabisa. Iache kwenye 26 ijipunguze yenyewe, kompyuta iamue tu ianze na iishe lini. Wala usiizime kwa kukata umeme kwenye plagi wakati inafanya kazi. Tumia amri ya rimoti.

Kompyuta inasema imewasha, AC imelala

Kisambaza mwanga cha rimoti hakipokei jibu. Kinatuma amri na kuamini. Taa ya IR (mwanga wa rimoti usioonekana kwa macho) ikiunganishwa moja kwa moja kwenye mguu wa ESP, nguvu yake inafika mita moja au mbili, weka transista. Mawimbi yawe ya kilohazi 38. Kumbuka pia kwamba rimoti ya AC, tofauti na ya televisheni, hutuma hali nzima kila ukibonyeza: joto, feni, mapezi, saa. Kunakili kitufe kimoja cha "washa" kilichorekodiwa wiki jana kunarudisha na joto la wiki jana. Njia ya uhakika ni kuhakiki kwa wati: ikitumwa amri na baada ya dakika 6 wati hazijapita 300, tuma tena mara moja, kisha lete ujumbe kwenye simu. Kwa inverta shusha kizingiti hadi 150.

Umeme ukikatika na kurudi, mambo yanavurugika

Raspberry Pi isiyo na betri ya saa haijui muda ikiwaka bila intaneti. Ratiba zinakosea, na data ya usiku inaandikwa juu ya mchana. Moduli ya DS3231 yenye betri ya CR2032 inamaliza tatizo. Ukanda wa saa uwe Africa/Dar_es_Salaam. Grafu yenye joto kali "saa 5 asubuhi" badala ya saa 8 mchana imebaki kwenye muda wa kimataifa, saa 3 nyuma. Na ukitaka kitu kiwake saa 8 mchana, kwenye kompyuta andika 14:00. Aliyeandika 08:00 anapoza chumba kitupu watoto wakiwa shule.

Kadi ya kumbukumbu hufa kwa kukatwa umeme katikati ya kuandika. Hamishia mfumo kwenye SSD, au weka UPS ndogo ya kompyuta na ruta. Nakala ya mipangilio itunzwe nje ya mashine hiyo. Home Assistant hutunza kumbukumbu za kina kwa siku 10 tu usipobadili. Ongeza kama unataka kulinganisha masika na kiangazi, lakini kwenye SSD.

Plagi janja nyingi zina mpangilio wa hali ya kuanzia umeme ukirudi. Friza iwe "washa", AC na hita ziwe "zima". Kisha kompyuta iwashe vilivyozimwa kimoja kimoja, AC baada ya dakika 10, kwani dakika za mwanzo volti hupanda na kushuka. Plagi ya ampea 10 isibebe kiyoyozi, inaweza kuyeyuka. Tumia kontakta (swichi kubwa inayovutwa na umeme), rilei ndogo iiongoze tu.

Plagi zinazotegemea seva ya mtengenezaji hugeuka mapambo bando likiisha. Nunua zinazokubali Tasmota au ESPHome (programu zinazoongoza plagi bila seva hiyo), zizungumze na kompyuta ndani ya nyumba.

Usiku feni inazunguka, ndani bado fukuto

Usiku Mwanza hushuka hadi nyuzi 18 au 19, kwa hiyo kiyoyozi baada ya saa 4 usiku ni anasa kama hewa ya nje inaweza kuingia. Feni ya wati 70 kwa saa 8 ni uniti 0.56, kama shilingi 200. Kosa la kawaida ni kuiwasha kwa saa badala ya kwa tofauti. Iwashwe pale joto la nje likiwa chini ya la ndani kwa nyuzi 2 au zaidi, izimwe tofauti ikibaki nyuzi moja. Kihisi cha nje kikae kivulini, chini ya paa.

Kama tofauti ipo na chumba hakishuki, hewa inaingia lakini haina pa kutokea. Feni ya kutoa nje iwekwe dirisha la upande mmoja, la upande wa pili liachwe wazi. Nyavu zilizoziba kwa vumbi na wadudu huua upepo, zipigwe mswaki. Taa ya chumba hicho izimwe kabla feni haijaanza, hasa mwezi unapoandama, vijidudu vinapotoka kwa wingi, na kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo yenyewe.

Friza haizimi

Kwa wanaohifadhi sato na sangara, tazama kwanza lini samaki waliingia. Kilo 20 za samaki kutoka nyuzi 25 hadi -18 zinahitaji kutolewa joto la karibu uniti 2, na friza ya nyumbani inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima bila kuzima. Hilo ni halali. Wapoze kwenye barafu kwanza, uingize kilo 10 leo na 10 kesho.

Bila mzigo mpya, kompresa iwake chini ya nusu ya muda. Ikizidi hapo, bana noti kwenye raba ya mlango na uivute: ikitoka bila kukwama, raba imelegea. Barafu ya ndani ikifika nusu sentimita, iyeyushe bila kisu. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni, na usiiweke chumba chenye bati tupu. Plagi yake isipewe ratiba ya kuzima ili "kuokoa". Joto lililoingia wakati imezimwa litalipiwa likitolewa, na samaki waliolegea wakaganda tena hawana mnunuzi pale soko la samaki la mwaloni Kirumba.